Watoto Wengi, Mikono Michache: Hesabu ya Umri wa Taifa Letu

Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti, 2022 ilikuta nchini Tanzania watu 61,741,120. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2012, tulikuwa 44,928,923. Maana yake ni kwamba katika muongo mmoja taifa limeongeza watu zaidi ya milioni 16.8. Anayetaka kupima uzito wa nyongeza hiyo na arejee sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, ambayo ilihesabu watu milioni 12.3 kwa nchi nzima, Bara na Visiwani. Nyongeza ya miaka kumi peke yake inawazidi wananchi wote waliokuwapo mwaka wa Azimio la Arusha.

Takwimu hizo zilipotangazwa, mazungumzo ya wengi yaliishia kwenye jumla. Wako waliofurahi wakisema wingi ni nguvu, wako waliosikitika wakisema wingi ni mzigo, na kila upande ukarudi nyumbani na maneno yake yale yale. Sisi tunadhani pande zote mbili zimesoma ukurasa wa kwanza wa ripoti na kuufunga. Habari yenyewe imo katika ukurasa wa umri.

Katika kila Watanzania mia moja, takribani 43 hawajafikisha miaka kumi na mitano. Wazee wa miaka 65 na kuendelea hawafiki watano. Waliobaki, ambao ni zaidi kidogo ya nusu, ndio wanaohesabiwa kuwa nguvu kazi ya nchi. Hata hao si wote wanaofanya kazi: wamo wanafunzi wa sekondari na vyuo, wamo wagonjwa, na wamo vijana waliomaliza masomo na kuketi vijiweni wakisubiri simu isiyolia. Kwa hiyo mkono mmoja unaoleta riziki hulisha kinywa chake, na pembeni yake karibu kinywa kingine kizima.

Wazazi wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Nyumba yenye watoto watano wadogo na baba mmoja mwenye kipato ina chakula, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, lakini haina akiba. Kila shilingi inayoingia imekwisha kupangiwa: unga, sare, dawa, kodi ya nyumba. Miaka kumi na mitano baadaye nyumba ile ile, ikiwa watoto wanne kati ya watano wamepata kazi na hakuna mtoto mchanga aliyeongezeka, inaweza kujenga, kununua shamba na kumpeleka mama Makka. Ukoo ni ule ule na jina ni lile lile. Kilichobadilika ni umri wa waliomo ndani na kazi walizonazo.

Nchi nayo ni hivyo hivyo. Wataalamu wa takwimu za watu wanaeleza kwamba taifa hupita katika kipindi ambacho watoto wadogo wamepungua kwa uwiano, wazee hawajawa wengi, na watu wazima wenye nguvu ndio wengi kuliko wote. Kipindi hicho hakidumu. Ukipita miaka thelathini au arobaini, wale wenye nguvu huwa wazee, nao huhitaji kulelewa. Msomaji aliyezoea darsa la tafsiri ataikumbuka mara moja kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, na miaka saba ya neema iliyotangulia miaka saba ya ukame. Neema ile haikuiokoa Misri kwa kuwapo kwake tu. Iliiokoa kwa sababu palikuwa na mtu aliyejenga ghala mapema.

Sisi Watanzania bado hatujaingia katika miaka yetu ya neema. Tumo katika miaka ya kulea. Na hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaohubiri majukwaani kwamba nchi yenye vijana wengi tayari ni tajiri. Kijana ni mtaji pale alipokula vizuri akiwa mchanga, akasoma akaelewa, na akapata chombo cha kazi mkononi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, wingi wake hauifaidii nchi, na mara nyingine huitikisa.

Chumba cha darasa na sahani ya mtoto

Tufanye hesabu ndogo. Watoto walio chini ya miaka kumi na mitano ni zaidi ya milioni 26. Ukiwagawa kwa miaka hiyo kumi na mitano, unapata wastani wa watoto zaidi ya milioni 1.7 kwa kila umri, ingawa kwa kweli wadogo ni wengi zaidi na wakubwa ni wachache zaidi. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa. Watoto wa umri mmoja tu, kwa kiwango hicho, wanahitaji takribani vyumba 38,000. Kisha wanakuja wa mwaka unaofuata, na wanaofuata tena, na kila kundi ni kubwa kuliko lililotangulia, kwa sababu idadi ya watu wetu inakua kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa mwendo huo taifa huongezeka maradufu katika muda wa miaka ishirini na miwili hivi.

Ni haki kusema kwamba juhudi zimefanyika. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na baadaye ya kidato cha tano na cha sita. Milango imefunguka, na watoto wameingia kwa wingi ambao babu zetu wasingeamini. Lakini kuingia darasani na kujifunza ni mambo mawili. Mzazi anayemwona mwanawe wa darasa la nne akisoma sentensi kwa kubabaika, ilhali daftari lake limejaa alama za vema, na asijidanganye kwamba jambo hilo ni la Serikali peke yake. Mwalimu mwenye watoto tisini mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Baba anaweza, robo saa baada ya chakula cha usiku.

Kabla ya darasa kuna sahani. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umekuta asilimia 34, kwa hiyo pamekuwa na nafuu. Hata hivyo, mtoto watatu katika kila kumi ni wengi mno. Udumavu si ufupi wa kimo tu. Ubongo nao huathirika, na madhara yake makubwa hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Jambo linaloumiza ni kwamba baadhi ya mikoa inayosifika kwa kuvuna mahindi, mpunga na ndizi ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Chakula kipo, ila mtoto hupewa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni, huku mayai yakipelekwa sokoni na maharage yakisubiri wageni. Hapo hatuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Tunahitaji kina mama na kina baba kukaa chini na kuamua nani anakula yai.

Kuhusu idadi ya watoto, tunajua ni mada inayogusa hisia, na katika kurasa hizi imewahi kuzua barua nyingi. Tutasema machache. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta kwamba mwanamke wa Tanzania kwa wastani huzaa watoto 4.8 katika maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizidi sita. Idadi inashuka polepole bila mtu kulazimishwa, na inashuka zaidi pale binti alipokaa shuleni muda mrefu. Kunyonyesha miaka miwili kamili na kupumzika baina ya mimba si jambo tulilofundishwa na wageni; bibi zetu wa mwambao walilijua na kulisimamia kwa ukali. Lililo zito kwetu ni hili: asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Bila kuingia katika mjadala wa Sheria ya Ndoa ya 1971, ambao una uwanja wake, mama wa miaka kumi na sita aliyeacha shule humlea mtoto kwa ujuzi mdogo na kipato kidogo, na mtoto huyo naye huanza safari akiwa nyuma. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurejea masomoni. Ruhusa ipo; kinachowarudisha nyuma wengi ni aibu ya ndugu na ukosefu wa mtu wa kumwachia mtoto. Shangazi mmoja mwenye moyo wa huruma humaliza matatizo yote mawili.

Waliotutangulia

Tusitazame mbali sana, tukatamani mambo ya Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wamepita miaka 65 na vijiji vingine vimebaki na wazee watupu. Wala ya Korea Kusini, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 mama alizaa takribani watoto sita, na mwaka 2023 wastani ukawa 0.72, yaani hata mtoto mmoja haufiki. Hayo ni matatizo ya mwisho wa safari, na sisi tuko mwanzoni.

Bangladeshi inatufaa zaidi. Ni nchi ya Waislamu wengi, ilizaliwa 1971 katikati ya vita na njaa, na wakati huo kila mama alizaa karibu watoto saba. Leo ni zaidi kidogo ya wawili. Wanawake wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba wakizungumza na wenzao juu ya afya na uzazi, mabinti wakasomeshwa, kisha vikaja viwanda vya nguo ambavyo sasa vimeajiri watu wapatao milioni nne, wengi wao wanawake. Nyumba ambazo zilikuwa zinaomba zikaanza kuweka akiba. Wageni wakaja kujifunza.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na wanaoisifu nchi hiyo hupenda kukiachia njiani. Viwanda vya nguo viliwafaa waliosoma kidogo. Mamia ya maelfu waliomaliza vyuo vikuu hawakuona nafasi yao. Katikati ya mwaka 2024 wanafunzi waliingia barabarani kupinga mgawo wa ajira za Serikali. Damu nyingi ilimwagika, na tarehe 5 Agosti Waziri Mkuu Sheikh Hasina akaikimbia nchi. Mambo yalianzia kwenye nafasi za kazi.

Tunisia ilitangulia katika njia hiyo. Ilikuwa imesomesha watoto wake, wake kwa waume, na uzazi ulikuwa umeshuka zamani. Tarehe 17 Desemba, 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, mchuuzi wa matunda na mboga Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26, alijichoma moto baada ya kunyang'anywa vitu vyake vya biashara. Kabla ya mwezi kutimia, tarehe 14 Januari, 2011, Rais Ben Ali alikuwa ameondoka madarakani na nchini. Wachuuzi kama yule tunao Kariakoo, Mwanjelwa na Darajani, na kila mara tunapowaona wakikimbizana na mgambo huku mizigo ikimwagika, tunajiuliza kama wanaotoa amri hizo wamewahi kusoma habari za Sidi Bouzid.

Funzo tunalolichukua kwa nchi mbili hizi ni kwamba shule bila kazi huchelewesha tatizo na kulikuza. Kijana asiyesoma huenda akailaumu bahati yake. Aliyesoma miaka kumi na sita kwa jasho la wazazi wake hatailaumu bahati.

Mnara au karakana

Sisi tulio katika kamati za misikiti tunaiona hesabu ya umri kwa njia ambayo Ofisi ya Takwimu haiioni. Siku ya Ijumaa safu za nyuma, za veranda na za uwanjani ni vijana watupu. Katika kikao cha kamati, wanaoketi ni wazee. Kwenye daftari la maombi ya msaada, ambalo katibu ndiye hulitunza, zamani walioandikwa walikuwa wajane, mayatima na wasafiri walioishiwa nauli. Siku hizi wanakuja wanaume wenye afya kamili, wana vyeti, wanaomba nauli ya kwenda kwenye usaili. Na daftari la ndoa linasimulia upande wa pili: wachumba wanaosubiriana miaka mitatu, minne, kwa sababu kijana hana chumba wala kazi, na wazee wa binti hawataki kusikia neno "tutajaliwa".

Msikiti wetu una mapato ya kodi za fremu za maduka. Si mengi, lakini yamekusanyika. Pendekezo la kwanza lililoletwa kikaoni lilikuwa kuinua mnara. La pili lilikuwa kugeuza ghala la nyuma kuwa karakana ya ushonaji na umeme wa majumbani, na kuwalipia vijana wachache gharama za chuo cha ufundi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema, "Kijana ukimnunulia cherehani leo, kesho utaikuta kwa mtu wa pili." Kijana aliyealikwa kuwasemea wenzake akajibu kwa adabu, "Baba yangu, pamoja na heshima zote, mnara hautanioza." Kikao kilicheka, kisha kikanyamaza. Uamuzi umeahirishwa hadi mkutano wa waumini wote.

Msimamo wetu hatuufichi: tunataka karakana. Ila hoja ya mzee ni ya kweli na inastahili jibu, si kejeli. Jibu letu ni kwamba vifaa vibaki mali ya msikiti, kijana afanye kazi chini ya fundi mzoefu kwa mwaka mzima kwa utaratibu wa uanagenzi, kidogo cha mapato yake kikatwe na kuwekwa, na mwishoni avinunue vifaa hivyo kwa fedha zake mwenyewe. Mtu hauzi kirahisi alichokitolea jasho. Tena wapo mafundi wengi miongoni mwetu waliojifunza kazi chini ya mwembe, hodari kuliko wenye vyeti, ambao hawajui kwamba VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti vinavyotambulika. Fundi wa namna hiyo anapopata cheti, anaweza kuomba kazi kwa mkandarasi mkubwa, na anaweza kuwafundisha wengine.

Tuseme neno juu ya bodaboda, maana limekuwa jibu la kila mtu. Ni kazi ya halali, imewatoa wengi katika wizi na uzururaji, na hatumdharau anayeifanya. Lakini mtaa hauwezi kuishi kwa kubebana. Lazima awepo anayetengeneza kitu, anayelima, anayejenga, anayefundisha, ili yule wa bodaboda apate wa kumpeleka. Na wodi za mifupa zinajua idadi ya vijana waliovunjika miguu kabla ya kufikisha miaka ishirini na mitano.

Wazazi wengi hawana mfuko wa pensheni. Wakulima, wachuuzi, wavuvi, mama lishe: pensheni yao ni watoto wao. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaowadhihaki wenye familia kubwa kana kwamba hawajui kufikiri. Wamefikiri, nao wanaweka akiba katika kitu pekee walichonacho. Zanzibar imewawekea wazee wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii tangu 2016, jambo jema, lakini nayo hulipwa kwa kodi za wanaofanya kazi. Kwa vyovyote vile mzee atalishwa na kijana, ama kwa mkono wake ama kupitia hazina. Kijana asiye na kazi hawezi njia zote mbili.

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kufikia mwaka 2050 Tanzania itakuwa na watu takribani milioni 130. Mwaka huo ndio ulioandikwa katika Dira mpya ya Maendeleo. Mtoto aliyekuwa mchanga mikononi mwa mama yake karani wa sensa alipobisha hodi atakuwa na miaka 28 wakati huo. Uji anaokunywa sasa ni sehemu ya Dira hiyo, iwe imeandikwa humo au haikuandikwa.

Mwisho tutaje jambo ambalo vijana wetu wengi hawalitumii. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hiyo haina riba. Tunasisitiza hilo kwa sababu tunawafahamu vijana wanaoikimbia benki kwa kuogopa riba, kisha dhiki inapowabana huangukia kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa "kausha damu", ambao riba yao benki yenyewe ingeiogopa. Mkopo wa halmashauri unahitaji kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na mradi unaoeleweka, na wa kumwona kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wengi wanakwamia kwenye katiba, kwa kuwa hawajawahi kuandika kitu kama hicho. Kila msikiti una katibu, na kila katibu ameandika mihtasari isiyohesabika. Katiba ya kikundi cha vijana watano huandikwa katika jioni mbili, baina ya Magharibi na Isha.